Jeshi la Vibao Kumi na Viwili

Mvua ya kwetu Bomet ina saa zake. Asubuhi jua huwaka na watu wamo shambani wakichuna chai, majani mawili na chipukizi. Ikikaribia saa tisa alasiri mawingu yamekwisha kujazana, na punde yanaachilia. Siku nyingine huja mvua ya mawe, na chini ya bati hakuna amsikiaye mwenzake. Ilikuwa katika saa hizo, majani yameshapimwa na lori limeshaondoka kwenda kiwandani, ndipo mimi na ndugu yangu mdogo, mtoto wa baba mdogo, tulipotandika shuka la kijani juu ya meza ya chakula tukapanga majeshi yetu.

Majeshi yenyewe yalikuwa madogo. Kila upande ulikuwa na vibao 12, kila kibao kipande cha katoni ngumu chenye upana wa sentimita 6, na juu yake wanaume watatu au wanne niliowachonga kwa vijiti vya mkaratusi. Ngao nilizipaka rangi ya kucha, kwa kuwa ndiyo rangi iliyopatikana dukani ikiwa na brashi nyembamba ya kutosha. Mikuki ilikuwa njiti za ufagio. Ukiinamisha uso hadi usawa wa meza na kufumba jicho moja, waliweza kukutisha kidogo.

Ile 12 sikuibuni mimi. Inatoka katika De Bellis Antiquitatis, kanuni za vita vya mezani zilizotungwa Uingereza na Phil Barker na wenzake na kutolewa mwaka 1990 na Wargames Research Group. Wachezaji huziita DBA. Nilizipenda kwa ufupi wake. Jeshi zima hukaa katika boksi la viatu, na mchezo mmoja huisha ndani ya saa moja, kabla mama hajaihitaji meza yake. Tena 12 hugawanyika kwa nne bila kubakisha, nami nilikuwa na nne zangu tayari: Kipkaige, Kasanet, Kebeni na Ng'etunyo, majeshi ya jadi ya Wakipsigis, ambayo kila mzee wa hapa bado anajua babu yake alikuwa katika lipi. Nikayapa vibao vitatu vitatu. Orodha hiyo haimo kitabuni. Niliiunda kwa mfano wa zile zilizomo, nikijua kwamba siku nikitaka kuipeleka mashindanoni nitalazimika kumwomba mwandaaji ruhusa.

Tuelewane kuhusu neno hilo, orodha. Katika drafti mimi na wewe huanza na kete 12 zinazofanana, na kinachotutofautisha ni akili. Katika vita vya mezani kila mtu huja na jeshi aliloliunda mwenyewe ndani ya kikomo alichowekewa. DBA inakupa vibao 12 na kukuambia ni aina gani za askari unaoruhusiwa. Warhammer 40,000, mchezo uliozinduliwa mwaka 1987 na Games Workshop ya Nottingham, na ambao siku hizi hujaza kumbi kubwa za mashindano, humtilia kila askari, kila kifaru na kila jemadari bei yake kwa pointi, na mashindano mengi humruhusu mchezaji pointi 2,000. Ni kama kwenda sokoni na noti mbili za elfu: ukinunua jogoo mkubwa, utarudi nyumbani bila mafuta ya kumpikia. Ulichokichagua unakiandika, unampelekea mwandaaji kabla ya siku kufika, na tangu hapo huruhusiwi kubadilisha hata mkuki. Kisha kwa siku mbili unacheza michezo mitano au sita kwa mtindo wa Uswisi, uliotumika mara ya kwanza katika mashindano ya sataranji mjini Zürich mwaka 1895: aliyeshinda hukutana na aliyeshinda, aliyeshindwa na aliyeshindwa mwenzake, na hakuna anayerudishwa nyumbani baada ya kipigo kimoja.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mashindano huchezwa kabla ya mashindano, nyumbani, mezani, mtu na orodha yake. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuieleza hapa, maana niliifanya vibaya kwa muda mrefu na nilidhani naifanya vizuri.

Swali langu lilikuwa dogo. Vibao vitatu vya Kebeni niviweke kuwa watu wa ngao, wanaosimama safuni bega kwa bega, au niviweke kuwa wakimbiaji wenye pinde, wanaozunguka pembeni na kumchokoza adui? Sikuanza kwa kuchonga. Nilitumia vifuniko vya soda, kama tulivyocheza drafti utotoni: kifuniko kilicholala chali ni mtu wa ngao, kilicholala kifudifudi ni mkimbiaji. Huo ni ushauri ambao ningempa yeyote, awe Bomet au Chicago. Usinunue wala usichonge askari ambaye hujamjaribu akiwa kifuniko. Mti uliochongwa kwa wiki mbili una utetezi wake moyoni mwa aliyeuchonga, na wakati wa kumwondoa ukifika, mkono utakataa.

Nilicheza na ndugu yangu michezo mitatu kwa wakimbiaji, nikashinda yote mitatu. Nikatulia. Nikawachonga wakimbiaji, kila mmoja na podo lake mgongoni. Mwezi uliofuata alitutembelea mwalimu mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, mtu ambaye hakuwa amegusa mchezo huu zaidi ya mara nne maishani, na kwa alasiri moja alinishinda mara mbili. Mara ya pili sikumaliza hata chai yangu.

Usiku, mgeni amekwenda kulala, nilimuuliza ndugu yangu ilikuwaje yeye akashindwa mara tatu na jeshi hilohilo.

Alinyamaza akikusanya vibao. "Kaka," akasema mwishowe, "nilikuwa naona ulivyofurahi. Nikasema si vizuri kukuharibia."

"Mara zote tatu?"

"Ile ya kwanza ulinishinda kweli."

Sikumkasirikia. Alikuwa amefanya alivyofunzwa. Kwetu mdogo hamshindi mkubwa mbele ya watu kisha akaendelea kula naye kana kwamba hakuna kilichotokea, na kuna mambo mengi ambayo adabu hiyo inayalinda vizuri. Ila mezani ilikuwa imeniuzia uongo kwa bei ya wiki mbili za kuchonga.

Hata ule ushindi mmoja wa kweli haukuwa na uzito nilioudhania. Hapa inanibidi niingie kidogo katika hesabu, nayo si ngumu. Chukua majeshi mawili yaliyolingana kabisa, kiasi kwamba kila mchezo ni sawa na kurusha shilingi. Nafasi ya moja kushinda mara tatu mfululizo ni moja katika nane. Si jambo la ajabu. Ukirusha shilingi mara tatu kila jioni, utaliona kwa wastani mara moja katika kila siku nane. Sasa chukua mchezaji mwenye bidii anayejaribu orodha kumi, kila moja michezo mitatu, na zote ni za nguvu sawa. Nafasi ya kupata walau moja iliyoshinda yote mitatu ni kama asilimia 74. Ataichukua hiyo, ataiita dhahabu, ataisafirisha. Alichokichagua ni bahati ya dadu za wiki iliyopita. Vivyo hivyo kushinda sita katika kumi: jeshi la kawaida kabisa hupata sita au zaidi karibu mara 38 katika kila 100. Na ukitaka kutofautisha kwa uhakika jeshi linaloshinda asilimia 60 na lile la asilimia 50, utahitaji michezo inayokaribia mia mbili. Nani ana mvua za kutosha kwa hiyo?

Nilikaa na hesabu hiyo siku kadhaa nikiona kama mlango umefungwa. Kilichonifungulia kilikuwa mlimani, umbali mfupi tu.

Nje kidogo ya mji wa Kericho, mahali paitwapo Timbilil, ndipo ilipo taasisi ya utafiti wa chai. Miche mingi iliyoko katika mashamba yetu ilipitia huko, na wakulima huijua kwa namba: 6/8, 31/8. Ile ya zambarau, TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya utafiti wa takribani miaka 25. Watafiti wa mimea nao wana dadu zao, tena mbaya kuliko zetu: baridi inayounguza bonde moja na kuliacha jingine, mvua ya mawe inayopita kama barabara, udongo unaobadilika kila baada ya hatua ishirini. Mche mmoja ukistawi, utajuaje kama ni mche au ni mahali? Jibu lao ni kuupanda uleule katika vipande vingi vilivyotawanywa kwa kura, ukiwa jirani na mche ambao tabia yake inajulikana tayari, na kutobadilisha mbolea na mche kwa wakati mmoja. Tena hawapimi kitu kimoja. Hawangoji mwisho wa mwaka waseme umeshinda au umeshindwa. Wanapima kilo, wanapima ladha, wanatazama jinsi unavyostahimili kiangazi, wanahesabu mashina yaliyokufa.

Utaratibu huo una babu yake, na habari yake mashuhuri kuliko zote ni ya chai. Ronald Fisher alianza kazi mwaka 1919 katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Hapo mwenzake, Muriel Bristol, mtaalamu wa mwani, alisema kwamba anaweza kuonja kikombe na kujua kama maziwa yalitangulia au chai ilitangulia. Sisi tunaochemsha maziwa, maji na majani katika sufuria moja huenda tusingeuona ubishi, lakini Fisher aliuona. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu upangaji wa majaribio alieleza namna ya kumpima mtu wa namna hiyo: vikombe 8, vinne vya kila aina, vilivyopangwa kwa kura. Njia za kuchagua vinne kati ya vinane ni 70. Anayebahatisha atapata vyote sawa mara moja tu katika 70. Vikombe vinane tu, na bahati imeachiwa upenyo mwembamba kiasi hicho. Nguvu ya jaribio ilikuwa katika mpangilio uliofanywa kabla mtu hajainua kikombe.

Basi tulianza upya, na daftari la shule la kurasa 48.

Tulikubaliana mambo kabla ya kugusa dadu, na tukayaandika ukurasa wa kwanza ili kesho yake mmoja asijidai kusahau. Mchezo mmoja Kebeni ni wakimbiaji, mchezo unaofuata ni watu wa ngao, na vingine vyote havibadiliki: ardhi ileile, adui yuleyule. Kila baada ya michezo miwili tunabadilishana majeshi, yeye anaongoza langu, mimi naongoza lake. Dadu ikidondoka chini husomwa pale ilipolala. Na anayeshindwa hana ruhusa ya kuitaja bahati mpaka aseme kwanza yeye mwenyewe alikosea wapi.

Kile cha kubadilishana majeshi ndicho kilichomaliza tatizo la adabu. Ndugu yangu alipoongoza jeshi langu aliweza kulishindisha bila kunishinda mimi, kwa namna fulani, na nilipoongoza lake alihisi ana haki ya kulipiga lililo mkononi mwa kaka yake kwa kuwa lilikuwa lake mwenyewe. Nilimwona akibadilika machoni pangu. Alianza kuninyima nafasi, kungoja, kunitegea. Wiki ya tatu alinizungushia vibao viwili nyuma ya mto wa karatasi ya samawati, na nilipogundua akainama kuficha tabasamu. Siku hiyo nilijua kwamba sasa tunajaribu kitu.

Nimesoma baadaye kwamba walioishi na jambo hili kwa uzito wa kweli, watu waliocheza mezani kwa ajili ya vita vyenye damu, waliangushwa au waliokolewa na suala hilohilo la nani anaruhusiwa kumshinda nani. Waprusia ndio walioanza kuuchukua mchezo kuwa kazi. Von Reisswitz alimpelekea mfalme wake meza ya vita mwaka 1812, na mwanawe, ofisa wa mizinga, akachapisha kanuni kamili mwaka 1824, zenye ramani, dadu na mwamuzi. Tangu hapo majeshi mengi duniani yamejaribu mipango yao kwa njia hiyo.

Mwezi Mei 1942 maofisa wa jeshi la majini la Japani walikusanyika katika manowari Yamato kuujaribu mezani mpango wa kuvamia kisiwa cha Midway. Maofisa wao wenyewe walisimulia baada ya vita kilichotokea. Ndege za Marekani zilipowashambulia kwenye meza, mwamuzi alirusha dadu, na hesabu ikatoka mabomu tisa yaliyopiga. Meli mbili za kubeba ndege, Akagi na Kaga, zilihesabiwa kuwa zimezama. Admirali Ugaki Matome, msimamizi wa zoezi, akaamuru mabomu yahesabiwe matatu tu. Akagi ikarudi ikiwa na majeraha madogo. Kaga ilibaki chini ya bahari, lakini zoezi lilipoingia hatua iliyofuata nayo ikaonekana tena mezani, ikielea. Hakuna aliyepinga, nani angempinga? Tarehe 4 Juni, baharini kwenyewe, mabomu hayakuwa na wa kuyaamuru. Siku hiyo Japani ilipigwa vibaya meli nne kubwa za kubeba ndege, Akagi na Kaga zikiwa miongoni mwao, na zote nne zikaishia kuzama.

Siwezi kusoma habari hiyo bila kuona meza yangu mwenyewe, na mimi nimekaa mahali pa Ugaki. Sikuamuru chochote, lakini ndugu yangu aliyapunguza mabomu kwa niaba yangu, kwa upendo.

Mwaka huohuo, mjini Liverpool, kulikuwa na chumba kinyume cha kile cha Yamato. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikiangamiza misafara ya meli katika Atlantiki, na ofisa mmoja aliyekwisha kustaafishwa kwa ugonjwa wa kifua kikuu, Gilbert Roberts, alipewa ghorofa ya juu katika jengo la Derby House na timu ambayo wengi wao walikuwa wasichana wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini. Sakafu waliichora miraba. Meli zilikuwa vipande vidogo vya mti. Maofisa waliokuja kufunzwa walisimama nyuma ya mapazia ya turubai, wakichungulia kwa tundu ili waone kile tu ambacho nahodha angekiona usiku wa manane. Njia ya nyambizi ilichorwa kwa chaki ya kijani, rangi ambayo kwa mwanga ule, kutoka kwenye tundu, haikuonekana.

Walipoyarudia mashambulizi yaliyokwisha kutokea, mchezo baada ya mchezo, waligundua kwamba dhana iliyozoeleka ilikuwa na kasoro. Nyambizi hazikuwa zikipiga kutoka mbali. Zilikuwa zikiingia ndani ya msafara wenyewe kutokea nyuma, usiku, juu ya maji, zikipiga kwa karibu kisha zikizama na kungoja meli zipite. Wakabuni namna ya kuzinasa kwa kuwarudisha walinzi nyuma ya msafara, wakaipa jina Raspberry. Admirali Max Horton, aliyewahi kuwa nahodha mashuhuri wa nyambizi, alikuja kuzijaribu mbinu zao akiwa upande wa nyambizi. Alishindwa mara tano katika michezo mitano. Aliyekuwa akimwinda upande wa pili wa pazia alikuwa Janet Okell, binti kijana ambaye hakuwahi kwenda vitani baharini. Pazia lile lilifanya kazi mbili: lilificha nyambizi, na lilificha cheo.

Turudi Bomet. Baada ya michezo ishirini hivi, tulipohesabu ushindi wa wakimbiaji na ushindi wa watu wa ngao, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba hesabu niliyoieleza ingeicheka. Lakini daftari lilikuwa na mengine. Ukurasa wa kushoto wa kila mchezo nilikuwa nachora meza, na kila kibao kilipokufa naweka msalaba mahali kilipofia, na namba ya zamu. DBA ni rahisi kwa hilo: jeshi likipoteza vibao vinne kabla adui hajapoteza idadi hiyo, limeshindwa. Kwa hiyo kila kipigo kina misalaba minne, na misalaba minne ni hadithi. Nilipokaa jioni moja nikifungua kurasa haraka haraka, misalaba ilirundikana upande uleule, kushoto, walipokaa Kebeni, wawe wakimbiaji wawe watu wa ngao. Tatizo halikuwa aina ya askari niliyokuwa nikiihangaikia miezi mitatu. Lilikuwa umbali. Nilikuwa nawaweka mbali mno na jemadari.

Na hapo ndipo nilipoona jambo la pili, ambalo kushinda na kushindwa kusingenionyesha kamwe. Katika DBA, kila zamu unarusha dadu moja kupata amri. Ukipata tano, unaweza kusogeza makundi matano. Ukipata moja, ni moja. Watu wa ngao wakiwa safuni husogea wote kwa amri moja. Wakimbiaji waliotawanyika hudai kila kibao amri yake, na aliye mbali na jemadari hudai ya ziada. Jeshi langu la wakimbiaji lilikuwa jeshi lenye njaa ya amri. Dadu zikiwa nzuri lilicheza kama upepo. Zikija moja na mbili, nusu ya watu wangu walisimama wakitazama wenzao wakiuawa. Tangu nilipoliona hilo nilianza kuandika ukurasani amri ngapi nilizihitaji na ngapi nilipata, na jaribio likaanza kuniambia kitu hata katika michezo niliyoshinda.

Wachezaji wakubwa wa nje hufanya hivyo kwa mapana zaidi. Wanaojiandaa kwa Warhammer 40,000 hawachezi mchezo mzima kila mara, kwani mmoja hula saa tatu. Hupanga meza, hucheza zamu mbili za mwanzo, hufuta, hupanga tena, mara saba au nane kwa usiku mmoja, kwa sababu makosa mengi yamo katika kupanga na katika hatua za kwanza. Hujaribu wakiwa na saa ya sataranji pembeni: orodha yenye askari mia na ushee inaweza kuwa nzuri kabisa na bado ikakuangusha kwa kuwa huwahi kuwasogeza wote. Hujaribu juu ya malengo ya mchezo, maana pointi nyingi hutoka kwa kushikilia maeneo, na jeshi linaloua sana huweza kwenda nyumbani limeshindwa. Katika mashindano ya timu kazi hiyo huwa ya pamoja. Wanane huketi, hujaza jedwali la jeshi gani la kwao linategemea nini dhidi ya jeshi gani la wapinzani, kwa sababu siku ya mechi timu moja humtoa mlinzi, nyingine huleta washambuliaji wawili, na mlinzi huchagua mmoja. Jedwali lililojazwa kwa kujisifu huwaua wote wanane. Kwa maoni yangu hapo ndipo mchezo huu ulipo mzuri kuliko mahali pengine pote: pale ambapo rafiki yako anakwambia usoni kwamba jeshi lako litapata pointi tatu kati ya ishirini, nawe unaandika tatu.

Alasiri moja mzee jirani yetu, aliyeingia kujikinga mvua, alisimama juu ya meza akiyatazama yale majeshi kwa muda mrefu. Aliuliza wale wa ngao nyekundu ni kina nani. Nikamwambia Kasanet. Akataka kujua babu yangu alikuwa katika jeshi gani, nikamwambia, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka kidole karibu na Kebeni wangu, bila kuwagusa.

"Hawa umewatuma peke yao."

"Nilikuwa najaribu, mzee."

"Hata Mogori hatukwenda wachache," akasema, akavuta kiti.

Hakueleza zaidi, wala hakuna mtu wa hapa anayehitaji kuelezwa. Mogori ni pale ambapo, mwishoni mwa karne ya 19, Wakipsigis walipigwa vibaya na Wagusii, na vijana wengi mno hawakurudi. Alikaa nasi mpaka mvua ikakatika, akinywa chai, akiuliza kila kibao kilipokufa kwa nini kimekufa. Alikuwa mpinzani mkali kuliko sisi sote wawili, na hakushika dadu hata mara moja.

Msimu wa mvua uliofuata Kebeni walikuwa watu wa ngao, karibu na jemadari, na wakimbiaji niliwabakiza wawili tu, katika Kipkaige, upande wa kulia ambako ardhi ni wazi. Orodha niliyoiandika mwisho wa daftari ilikuwa tofauti na ile ya mwanzo kwa vibao vitano. Jioni ya kuifunga tulicheza mchezo mmoja wa mwisho, mimi na jeshi langu, ndugu yangu na lake. Tulifikia tatu kwa tatu. Kibao cha jemadari wangu, yule wa Ng'etunyo mwenye manyoya ya kuku kichwani, kilikuwa kimekutana uso kwa uso na safu yake. Yeye akarusha, ikatoka tano. Mimi nikarusha, dadu ikagonga sahani, ikaruka mezani, ikabingirika chini ya kabati.

Aliwasha tochi ya simu akalala kifudifudi sakafuni. Nje mvua ilikuwa bado inapiga bati.

"Unaona?" nikauliza.

"Naona."

"Ngapi?"

Hakujibu mara moja. Nilimwona amejiinua kidogo kwa viwiko, kisha akageuza uso kunitazama moja kwa moja.

"Moja, kaka."

Nikalivuta daftari, nikatafuta kalamu, nikaweka msalaba wa nne katikati ya ukurasa.